Njiwa wa Nyumbani na Hua wa Mwitu

Hapana mtoto wa kijijini asiyemjua njiwa. Twamsikia asubuhi kabla jua halijapanda, twamwona uwanjani akiokota punje, na wengi wetu tumelelewa katika nyumba yenye kibanda cha njiwa upenuni. Lakini kumjua ndege kwa jina ni jambo moja, na kumtambua ni jambo jingine. Siku zilizopita neno la njiwa lilitia fitina kijijini kwetu, hata kijana mmoja akaitwa mwizi mbele ya wazee. Nami mwalimu nilikuwa na sehemu yangu katika kosa lile. Kwa hiyo nimeona vema niandike habari ya ndege hawa: asili yao, jinsi watu walivyowafuga, jinsi hata wenye elimu walivyowachanganya, na alama ambazo kwa hizo kila mtu aweza kuwatambua.

Neno lenyewe lilikuwa hivi. Kwetu ni nyanda za juu za kaskazini ya Tanzania. Mzee mmoja jirani yangu ana njiwa wengi, weupe, weusi, na wa kijivu. Wakati wa kupanda mahindi njiwa wake wakaanza kupungua, asijue waendako. Hata siku moja akamkuta kijana akipita njiani na tenga, na ndani ya tenga ndege wawili wakubwa kama njiwa. Kijana akasema, “Shikamoo, babu. Hawa nimewanasa kwa tanzi shambani mwa mama, maana wanafukua mbegu.” Mzee akajibu, “Hawa ni wangu. Hulala paa la shule, nami nimewaona kwa macho yangu wakila pamoja na njiwa zangu.” Shauri likaenda kwa wazee, na wazee wakaniita niamue, kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu.

Nikachungulia tengani. Nikaona ndege mwenye madoa meupe mbawani. Nikakumbuka kwamba njiwa wa kufugwa wana rangi nyingi, na kwamba ndege hao kweli hukaa paani petu. Basi bila kutazama zaidi nikasema, “Ni wa kufugwa.” Kwa neno langu hilo moja kijana akaamriwa kulipa, na mama yake akarudi nyumbani analia.

Siku ya pili mjukuu wa mzee yule, msichana wa darasa la sita, alinijia baada ya masomo. Akasema, “Mwalimu, naomba radhi. Ndege wa paani hawalii kama njiwa wa babu. Wa babu hunguruma kooni na kuzunguka. Hawa huguna kama bundi.” Nilinyamaza. Mtoto alikuwa ametumia masikio yake, nami sikutumia hata macho yangu. Mwisho wa shauri hili nitaueleza baadaye. Kwanza tuangalie historia.

Asili ya njiwa wa nyumbani

Njiwa wote wanaofugwa vibandani, wawe weupe au weusi, wenye mkia wa upepeo au miguu yenye manyoya, ni ukoo mmoja. Babu yao ni njiwa wa majabali, aishiye mwituni katika magenge ya bahari na milima, katika nchi za Ulaya, Afrika ya Kaskazini, na Asia ya Magharibi hata Bara Hindi. Ndege huyo ni wa rangi ya kijivu. Shingo yake yang’aa kijani na zambarau. Katika kila bawa ana mistari miwili myeusi. Na mgongoni juu ya mkia wengi wao wana weupe. Hajengi mtini. Hutaga katika nyufa za mawe, na kwa sababu hiyo alikubali upesi kukaa na watu, maana ukuta wa nyumba kwake ni kama genge, na kishubaka ni kama pango.

Watu wa nchi za Mashariki walimfuga tangu maelfu ya miaka. Huko Maresha, katika nchi ya Wayahudi wa kale, yapo mapango yaliyochongwa na watu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na kutani mwake vimechimbwa vishubaka vya njiwa kwa maelfu. Nchini Misri wakulima hata leo hujenga minara ya udongo kwa ajili ya njiwa. Hupata nyama ya makinda, na tena hupata samadi, ambayo kwa mashamba ni mali kubwa.

Wasomaji wa Biblia wamekwisha kuona kwamba Torati yataja hua na njiwa kama ndege wawili mbalimbali, na kwamba mtu maskini aliruhusiwa kuleta sadaka ya hua au ya makinda ya njiwa. Tofauti hii si ya maneno tu. Makinda ya njiwa yalipatikana vibandani karibu mwaka wote. Bali hua wa nchi ile ni ndege wa kusafiri. Kipupwe kikija huondoka, huvuka jangwa, na kukaa katika nchi za Afrika kama Sudan na Ethiopia. Kisha hurudi wakati wa kuchanua maua. Nabii Yeremia aliujua mwendo huo wa hua, akautumia kuwafundisha watu. Waonaje, msomaji? Watu wa kale, pasipo darubini, walijua tofauti ya ndege wa kibandani na ndege wa mwituni, kwa sababu walitazama.

Huku kwetu njiwa wa kufugwa aliletwa na watu. Jina lake la pwani, njiwa manga, lashuhudia, maana Manga ni jina la zamani la nchi ya Waarabu upande wa Omani.

Jinsi ukoo wake ulivyothibitishwa

Huenda mtu akauliza, “Twajuaje kwamba njiwa wa namna nyingi hivi wana babu mmoja?” Swali hili lilimshughulisha Mwingereza Charles Darwin. Mwaka 1855 alianza kufuga njiwa nyumbani kwake, akaingia hata katika vyama vya wafugaji wa njiwa mjini London, akakaa na mafundi wa kazi hiyo ili ajifunze kwao. Kisha akachanganya njiwa weupe wenye mkia wa upepeo na njiwa weusi wa namna nyingine. Watoto wao walikuwa wa rangi ya kahawia na nyeusi yenye mabaka. Akawachanganya tena hao watoto, na katika wajukuu akatokea mmoja wa rangi ya kijivu cha buluu, mwenye weupe juu ya mkia na mistari miwili myeusi mbawani, sawasawa na njiwa wa majabali! Upande mmoja wa mababu ulikuwa mweupe na upande mwingine mweusi, na mjukuu akamrudia babu wa mababu. Darwin aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Tena aliona alama nyingine, ya tabia. Njiwa wa kufugwa wa kila namna hawapendi kutua mitini wala kujenga humo. Rangi yaweza kubadilishwa na mfugaji kwa vizazi vichache, bali tabia ya majabali imekaa ndani yao hata leo. Tulishike neno hili, maana litatufaa tutakaporudi kwenye shauri la kijana.

Hua wa kufugwa, mtoto wa Afrika

Mbali na njiwa, yupo na hua wa kufugwa. Watu wengi hawajui kwamba huyu asili yake ni Afrika. Babu yake ni hua wa nchi kavu, akaaye kusini ya Sahara kutoka Senegal hata Sudan, Ethiopia, na Somalia, na ng’ambo ya bahari katika kusini-magharibi ya Arabuni. Ni mwembamba kuliko njiwa, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo, na nyuma ya shingo ana utepe mweusi. Watu walimfuga zamani sana, wakamchukua Ulaya. Mwaka 1758 mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, alimpa jina la Kilatini la risoria, maana yake mwenye kucheka. Kwa kuwa ndege huyu akiruka na kutua, au akimkaribia mwenzake, hutoa sauti kama kicheko cha mtu.

Wako wengine wa ukoo huu walio weupe kabisa. Hao ndio watumiwao na wafanya mazingaombwe, na mahali pengine watu huwaachia hewani siku ya arusi, wakidhani watarudi nyumbani. Hili ni kosa la kusikitisha. Njiwa wa kibandani hurudi kwao hata akipelekwa mbali sana. Mwaka 1870 na 1871, Paris ilipozingirwa na majeshi, njiwa ndio walioingiza barua mjini. Lakini hua wa kufugwa hana ujuzi huo wa kurudi. Akiachiwa hutangatanga, hajui kujitafutia chakula wala kumkimbia mwewe, na mara nyingi hufa baada ya siku chache. Basi asiyetofautisha ndege hawa wawili aweza kuua akidhani anafurahisha.

Hua ahesabuye kumi na nane

Sasa nifike kwenye habari iliyonifariji nilipoona haya kwa kosa langu, maana niliona kwamba wakubwa kuliko mimi walikosa vivyo hivyo.

Yuko hua mwingine, ndugu wa huyu, wa mwitu kabisa, ambaye asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Huyu naye ana rangi ya kijivu hafifu na utepe mweusi nyuma ya shingo. Zamani alienea hata Uturuki na nchi za Balkan. Mwaka 1838 Mhungari aitwaye Frivaldszky alimwandika ndege huyo kutoka katika nchi ambayo leo ni Bulgaria. Naye alimdhani ni namna tu ya hua wa kufugwa, akamwandika chini ya jina la risoria, akaongeza neno decaocto, yaani kumi na nane kwa Kiyunani. Hadithi ya huko yasema kwamba palikuwa na mjakazi maskini aliyelipwa sarafu kumi na nane tu kwa mwaka, akalia mbele ya miungu yao, nao wakaumba ndege atakayetangaza ulimwenguni ujira ule mdogo kwa kulia, “deka-okto, deka-okto.” Ni hadithi tu, lakini yafundisha jambo la kweli: watu wa kawaida walikuwa wameitambua sauti yake.

Kutoka miaka ya 1930 hua huyo akaanza kuenea kwa haraka. Alipanda Hungaria, akapita Ujerumani katika miaka ya 1940, na mwaka 1955 akazaa makinda Norfolk, Uingereza. Hakuletwa na mtu. Alijiendea mwenyewe, akipata chakula penye nyumba za watu na maghala ya nafaka.

Amerika alifika kwa njia nyingine. Katika mji wa Nassau, visiwa vya Bahama, mfugaji mmoja alikuwa nao. Mwaka 1974 wezi walivunja mahali pake, ndege wengine wakatoroka, na mwenyewe akawaachia waliosalia, wapatao 50. Wakazaana. Mwanzo wa miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha kuvuka bahari hata Florida, Marekani. Watu wa Florida waliwaona, na wapenda ndege wenye darubini na vitabu waliwaona pia. Lakini kila mmoja alisema, “Ni hua wa kufugwa waliotoroka,” kwa kuwa hua wa kufugwa walioachiwa walikuwako huko tangu zamani. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyeangalia zaidi. Ndipo mwaka 1986 ikatambuliwa kwamba hawa si wa kufugwa, bali ni wale wa deka-okto, ndege wa mwitu, mgeni wa bara zima. Kabla miaka 30 haijapita walikuwa wamefika hata pwani ya Bahari ya Pasifiki.

Walitambuliwaje? Kwa alama tatu. Ya kwanza ni rangi: wa mwitu ni mkubwa kidogo, ncha za mbawa zake ni nyeusi-nyeusi, na manyoya ya chini ya shina la mkia ni ya kijivu, wa kufugwa mbawa zake ni hafifu, na manyoya hayo ni meupe. Ya pili ni sauti: wa mwitu hulia silabi tatu, ya katikati ikivutwa, “ku-KUU-ku,” na hurudia pasipo kuchoka, wa kufugwa hulia neno moja, kisha huviringisha sauti kooni ikishuka, na tena ana kile kicheko. Ya tatu ni tabia: wa mwitu hupaa kwa nguvu, huzaa kwa wingi na kujaza nchi, wa kufugwa hukaa karibu na watu, na akiachiwa mara nyingi hupungua badala ya kuongezeka.

Alama za ndege wa kwetu

Tuje nyumbani sasa. Majina ya ndege hawa hubadilika kutoka wilaya hata wilaya, lakini alama zao hazibadiliki. Wote wa jamaa hii hunywa maji kwa kufyonza, wasiinue kichwa kama kuku, na huwalisha makinda kwa maziwa ya kooni, baba na mama pamoja. Tofauti zao ni hizi.

Njiwa manga: rangi zake ni nyingi, hata katika kundi moja. Hunguruma kooni, hutunisha shingo, huinama na kuzunguka mbele ya jike akiburuza mkia. Hukaa paani na vibandani, mtini ni kwa nadra. Huatamia siku 17 hata 19.

Njiwa wa madoa, ambaye ni wa mwitu: mgongo wake ni mwekundu wa damu ya mzee, mbawa zina madoa meupe mengi, kichwa ni cha kijivu, na kuzunguka jicho ana ngozi nyekundu isiyo na manyoya. Kundi zima ni wa rangi moja, hapana mweupe wala mweusi. Huguna “hu, hu, hu, hu” mfululizo, sauti ikizidi, mfano wa bundi. Hukaa magengeni, na pia katika mapaa ya nyumba. Hutua na mitini, hasa mivumo. Hula nafaka mashambani, na kwa hiyo huonekana akila pamoja na njiwa wa watu.

Hua wa utepe mweusi, ambaye wengi humwita tetere: mdogo, wa kijivu, jicho jeusi, mkia wenye weupe pembeni aonekanapo akiruka. Hulia “ku-KURR-ku” mchana kutwa, hata katika jua kali.

Hua wa jicho jekundu: naye ana utepe shingoni, lakini ni mkubwa zaidi na mweusi zaidi, jicho jekundu, wala mkiani hana weupe. Hupenda miti mirefu na mahali pa maji, na wimbo wake una sauti kama sita kwa mfuatano.

Hua mcheko: hana utepe nyuma ya shingo, bali kifuani ana vidoa vyeusi juu ya rangi ya kutu. Hutembea uwanjani pasipo hofu, hata watu humdhani ni wa kufugwa. Lakini ni wa mwitu. Wimbo wake ni mfupi kama mtu achekaye polepole.

Pugi: mdogo sana, ana vidoa vya kijani vinavyometa bawani, na sauti yake huanza polepole kisha huharakisha na kushuka.

Ninga: wa kijani kama jani. Hukaa mitini akila matunda ya mikuyu, hutambaa matawini kama kasuku, na sauti yake ni ya mluzi kuliko ya hua.

Mwisho wa shauri

Baada ya kusikia neno la yule msichana nilimwendea mzee mkuu wa baraza, nikamwambia, “Shikamoo, mzee. Nimekosa. Nimetoa hukumu kabla ya kutazama. Naomba tuitane tena.” Akaniangalia sana, kisha akasema, “Mwalimu, afadhali aibu ya siku moja kuliko dhuluma ya siku zote.”

Kesho yake asubuhi tukakusanyika uwanjani mwa shule, na mwenye njiwa alikuwapo. Tenga likaletwa. Tukatazama ngozi nyekundu ya jicho. Hapana njiwa wa mzee aliyekuwa nayo namna ile. Tukatazama ndege wa paani, wote wa rangi moja. Tukanyamaza, tukasikiliza, wakaguna kama bundi. Kisha wawili wakaruka wakatua juu ya mti mkubwa, wakatulia huko kama waliozaliwa mtini. Mwenye njiwa akatikisa kichwa akasema, “Kweli, hawa si wangu. Mimi nilitazama wanapokula, sikutazama walivyo.” Akamshika kijana mkono mbele ya watu wote. Nami nikaomba radhi kwa kijana na kwa mama yake, na wanafunzi wangu wakinisikia. Jambo hilo halikuwa jepesi, lakini nadhani ni somo bora kuliko yote niliyowafundisha mwaka ule.

Njiwa wa mzee waliopotea, aliyewachukua hajulikani hata leo. Lakini kutojua mwizi si sababu ya kumtwika mtu asiye na hatia.

Ndugu wasomaji, tazameni jinsi historia hii inavyofanana na shauri letu. Wenye darubini wa Florida waliona utepe mweusi, wakasema, “Twamjua.” Mimi niliona madoa na paa, nikasema, “Namjua.” Alama moja haitoshi. Rangi hudanganya, na mahali hudanganya. Bali rangi, sauti na tabia zikipatana, hapo ndipo ushahidi ulipo. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Mwenye kutaka kumtambua ndege, na atazame, asikilize, angoje. Na mwenye kutaka kumhukumu mwenzake, na afanye hivyo mara mbili.